Nafsi ya Pili, Umoja

Nilikuja kutafuta Kiingereza cha daktari wa meno,
cha barua ya kodi, cha kumwambia mwenye nyumba
kwamba ukuta wa chumba cha watoto unatoa jasho.
Mwalimu Hebblethwaite (jina lake tu
lilitumaliza wiki mbili)
akatugawia karatasi: shairi la miaka mia mbili,
mkulima anazungumza na farasi wake kilema.

Rebwar akauliza, farasi ana faida gani
kwa mtu anayetaka leseni ya teksi?
Halyna akacheka mpaka akavua miwani.
Nje, Halifax ilikuwa na mvua yake ya kila siku,
ile isiyoanguka, inayoning'inia tu,
na bomba la joto chini ya dirisha
likigonga kama mtu aliyefungiwa.

Tulisoma. Mstari mmoja, saa nzima.
Kila neno nililibambua kama njugu:
ganda, ganda, halafu punje ndogo,
pengine tupu.
Kwato nilizijua. Theluji nilikuwa nayo kwenye viatu.
Lakini palikuwa na kineno kimoja, "dhii",
kimesimama kila mahali
mkulima alipomgeukia mnyama.
Nikaandika pembeni kwa penseli: amedhii?
Nikadhani farasi amekonda kwa njaa ya kipupwe,
na shairi zima likakubaliana nami
mpaka mwalimu alipopita nyuma yangu.

"Hapana, Feza. Maana yake ni wewe."
Wewe?
"Wewe mmoja. Zamani tulikuwa nalo.
Limekufa. Siku hizi ni 'yuu' kwa wote:
mfalme, mbwa, umati."

Nilikaa na hilo kwenye basi la usiku.
Miaka mitatu nimeitikia "yuu"
bila kujua nani anaitwa.
Afisa nyuma ya kioo, aliposema yuu mtasubiri, yuu utasubiri,
alikuwa akiniambia mimi,
au sisi wote tuliopanga foleni tangu Uvira?
Kwetu hata mbuzi huambiwa "we!"
na mbuzi anajua ni yeye.
Lugha kubwa hivi, imeizunguka dunia,
imerudi na mizigo yote
isipokuwa ufunguo wa nyumba.

Kazi yangu ni shuka za hospitali.
Saa nane usiku mashine ya tatu ikakwama.
Akaja Wilf wa mitambo, mtu wa mabonde ya juu,
ambaye Kiingereza chake hata wenzake humwomba akirudie.
Nilikuwa nimeegemea kikapu,
nimelala macho wazi.
Akanitazama, akafuta mikono,
akasema kitu kifupi kuhusu kuketi,
na katikati yake, likiwa na grisi, likiwa na pumzi:
dhii.

Nikamshika mkono. Sema tena.
Akadhani amenitusi. Akaomba radhi,
akasema ni maneno ya bibi yake, ya zizini,
shuleni walimchapa mpaka akajifunza kuyaficha.
Nilitaka kumwambia kuhusu kile kibao
nilichovalishwa shingoni, darasa la tatu,
kwa kuomba maji kwa Kifuliiru.
Kiingereza changu hakikufika.
Nikamwambia tu: farasi.
Akasema, naam?
Nikasema, farasi, kilema, theluji.
Akaniangalia kwa huruma nyingi
akaniletea chai.

Jumatano, mwalimu akauliza kama kuna maswali.
Nikasimama, jambo ambalo huku halihitajiki.
Nikasema: lile neno halijafa.
Liko zamu ya usiku,
linatengeneza mashine za kufulia.

Hebblethwaite akaweka chaki chini, akaketi
juu ya meza ya mtu mwingine.
Rebwar akauliza kama litakuja kwenye mtihani wa teksi.

Ukuta wa watoto bado unatoa jasho.
Neno la hilo tutalisoma, ameahidi,
tukishamaliza farasi.